Mti usiopuliziwa uko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kwa majuma kadhaa sasa gazeti lako limekuwa likitoa tangazo la dawa ya kuacha sigara. Kuna picha tatu za watu wanaotabasamu, majina yao ya kwanza tu, na chini ya kila picha maneno yanayokaribiana: nilivuta miaka mingi, nikanywa chupa moja, hamu ikakatika. Mwenye tangazo simjui na sina ugomvi naye. Ninachotaka kujua ni kitu ambacho tangazo halikusema: watu wangapi walipewa dawa hiyo, na wavutaji wangapi wengine kama wao hawakupewa?

Mimi si daktari. Utumishi wangu nimeumalizia kwenye mashamba ya majaribio ya korosho pale Naliendele, na kazi yangu kubwa, ukiondoa palizi na kufukuza mbuzi wa watu, ilikuwa salfa. Msomaji wa bara pengine hajui ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mkorosho. Ukishika maua ya mkorosho, shada zima linapakaa weupe, kisha linakauka na kuwa jeusi, na hapo korosho hakuna. Tunapulizia salfa ya unga alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili ishike. Sasa ikija dawa mpya ya kujaribiwa, mtaalamu hasemi pulizieni shamba zima tuone. Shamba linagawanywa vipande, kura inapigwa, miti hii inapata dawa mpya, ile inapata ya zamani, na mingine haipati kitu.

Hiyo isiyopata kitu ndiyo iliyokuwa ikiwaudhi wapita njia. Mbona mnaiacha iugue, na dawa mnayo? Lakini jibu lote liko kwenye miti hiyo. Kuna mwaka ubwiri unakuja hafifu wenyewe, na mti ambao hakuna aliyeugusa unazaa mpaka matawi yanainama. Mwaka kama huo hata ukipulizia majivu ya jikoni utavuna, na utaapa mbele ya mkutano wa kijiji kwamba majivu ni dawa. Anayekuumbua ni ule mti wa jirani usiopuliziwa, uliozaa sawasawa na wako.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mdogo wangu, mvuvi wa Mikindani. Sigara zake hununua mojamoja gengeni, huzitia kwenye kimfuko cha karanga, akakifunga kwenye pindo la kikoi ili maji ya chumvi yasizifikie. Siku ya gulio alinunua kwa mtu mwingine kabisa, si huyu wa tangazo, chupa ya dawa nyeusi ya kuacha sigara. Alikunywa kipimo alichoelekezwa, akatapika usiku kucha, na siku zilizofuata hakuweza hata kuona chai. Mtu anayetapika havuti. Wiki haijaisha, muuzaji akampigia simu kumuuliza hali, akamwomba ajirekodi akitoa ushuhuda. Mdogo wangu akajirekodi, akasema hamu imekwisha, na wakati ule alikuwa anasema kweli. Akapata nguvu, akarudi baharini, na usiku wa kwanza wa kukesha kwenye taa za dagaa akavuta. Hakuna aliyempigia tena. Ushuhuda wake mpaka leo unazunguka kwenye simu za watu, na nasikia umefika Lindi.

Nina mpwa anayesomea ufamasia Dar es Salaam. Kwetu Wamakonde mjomba ana haki ya kuuliza mpaka yeye mwenyewe achoke, kwa hiyo nilimuuliza: hawa wanaotengeneza dawa za kuacha sigara huko duniani, wanajuaje kwamba zinafanya kazi? Akacheka, akasema, “Mjomba, na wao wanapiga kura kama ninyi.” Kisha akanieleza, na mimi nayaleta hapa kama nilivyoyaelewa baada ya kumrudisha nyuma mara nyingi.

Alianza na dawa iitwayo vareniklini, iliyoundwa na wanakemia wa kampuni ya Pfizer huko Groton, jimbo la Connecticut, Marekani. Moshi ukivutwa, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde zisizozidi 20. Huko inashika vipokezi, yaani vijilango vya seli, ambavyo kwa kawaida hufunguliwa na kemikali ya mwili wenyewe, asetilikolini. Vikifunguka, ubongo unamwaga dopamini, na hapo ndipo raha ilipo. Mwenye mazoea akiikosa anakuwa mkali, hatulii, usingizi unamkimbia. Wanakemia wale walitafuta kitu cha kukaa kwenye kipokezi hichohicho na kukifungua kwa sehemu tu, ili mtu asiteswe na hamu, na wakati huohuo kizuie nafasi, nikotini ikija ikute pamekaliwa.

Kwenye maabara walianza mbali kabisa na binadamu. Mojawapo ya vifaa vyao ni yai la chura, yule mwenye kucha anayepatikana kusini mwa Afrika. Yai lake ni kubwa kiasi cha kuchomwa kwa sindano nyembamba. Wanaliingizia maelekezo ya kujenga kipokezi cha nikotini, nalo linakijenga kwenye ngozi yake ya nje, kisha wanadondoshea dawa na kupima umeme unaopita. Hapa nilimwambia mpwa wangu arudie, na baada ya kurudia nikamwambia arudie tena. Kwa njia hiyo unajua dawa inafungua kipokezi kwa kiasi gani ikilinganishwa na nikotini, na hujamgusa mtu yeyote.

Wakaja kwa panya. Panya anafundishwa kubonyeza kitufe, na akibonyeza anapata nikotini kidogo kwenye mshipa. Akishazoea, anabonyeza kama mtu anayerudi gengeni. Wakimtanguliza na vareniklini, anabonyeza mara chache zaidi. Panya wengine waliwekewa mrija mwembamba ndani ya ubongo ili dopamini ipimwe, ikaonekana vareniklini inaipandisha kama nusu hivi ya inavyopandishwa na nikotini. Ni kile walichokuwa wanakitafuta. Lakini panya hana deni la AMCOS, chama cha ushirika wa mazao, wala hakai kijiweni na wenzake wanaovuta. Ndiyo maana kazi haikuishia hapo.

Majaribio mawili makubwa kwa binadamu yalifanyika Marekani na kuchapishwa Julai 2006. Kila moja lilikuwa na wavutaji zaidi ya 1,000, watu wa sigara 10 au zaidi kwa siku. Kura ikawagawa makundi matatu: vareniklini, bupropioni ambayo ni dawa ya zamani kidogo kwa kazi hiyo, na kidonge kitupu kisicho na dawa. Walitumia kwa wiki 12. Vareniklini ilianzishwa kwa dozi ndogo, nusu miligramu mara moja kwa siku, ikapandishwa ndani ya wiki moja hadi miligramu 1 mara mbili kwa siku, kwa sababu inachefua na wengine inawaotesha ndoto za ajabu. Mtumiaji hakujua amepewa nini, na aliyempa hakujua pia. Katika hilo nakiri wametushinda watu wa korosho. Salfa ni ya njano, na kila aliyeingia shambani aliona mti upi umepuliziwa, hata yule aliyetakiwa kuhesabu mashada yaliyougua bila upendeleo.

Sasa matokeo, na hapa naomba msomaji asiruke. Katika jaribio mojawapo, waliokaa bila kuvuta kabisa kuanzia wiki ya 9 hadi ya 12 walikuwa asilimia 44 kwa vareniklini, karibu 30 kwa bupropioni, na karibu 18 kwa kidonge kitupu. Walipofuatwa mpaka mwaka mzima, waliokuwa hawajagusa sigara tangu wiki ile ya 9 walibaki asilimia 22, 16 na 8.

Karibu watu 18 kati ya 100 walikaa mwezi ule bila sigara, na kidonge walichomeza hakikuwa na kitu. Walikuwa wameamua kuacha, walipewa ushauri mfupi kila walipokwenda kliniki, na kuna mtu aliyekuwa anawasubiri awaulize. Hiyo tu. Sasa tuseme mfanyabiashara agawe maji ya rangi kwa watu 100 walioamua kuacha, awape moyo, kisha akusanye shuhuda kabla ya miezi mitatu kuisha. Hata akipata nusu ya hao 18, ana watu 9 wa kupiga picha. Tangazo linahitaji watatu. Na wote watatu watakuwa wanasema kweli, kama mdogo wangu alivyosema kweli.

Najua nitakavyojibiwa. Mzee huyu anapigia debe dawa za wazungu na kudharau mitishamba ya babu zake. Basi wanisikilize kwenye hili. Ulaya ya kusini kuna mti wenye mashada ya maua ya njano yanayoning'inia, na mbegu zake zina sumu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kuna askari waliovuta majani yake kwa kukosa tumbaku. Ndani yake kuna kitu kiitwacho saitisini, na Bulgaria imekuwa ikitengeneza vidonge vyake vya kuachisha sigara tangu 1964. Hiyo ni dawa ya mti, bei yake ni ndogo, na vareniklini yenyewe ilibuniwa kwa kuigiza umbo la saitisini. Ila kwa miaka mingi nchi nyingine hazikuitilia maanani, kwa kuwa majaribio yake ya zamani hayakufikia viwango vya leo.

Ndipo watafiti wakaipeleka Warsaw, Poland, kwa jaribio lililochapishwa mwaka 2011. Watu 740, kura ikawagawa nusu kwa nusu, 370 wakapata saitisini kwa siku 25 na 370 wakapata kidonge kitupu. Baada ya mwaka, waliokuwa bado hawavuti walikuwa 31 upande wa dawa na 9 upande wa kidonge kitupu. Thelathini na mmoja kati ya 370! Muuzaji wa gulio angeona aibu kutangaza hesabu kama hiyo. Yeye anasema chupa moja, wote wanapona. Lakini 31 kwa 9 ni zaidi ya mara tatu, na kwa kidonge cha bei ndogo ni faida kubwa mno kwa nchi. Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, na saitisini imo, pamoja na vareniklini, bupropioni na dawa za nikotini kama ubani wa kutafuna na bandiko la ngozi. Mti umeingia kwenye orodha kwa sababu ulikubali kupimwa. Kama yupo mganga Newala au Nachingwea mwenye mzizi unaoachisha sigara kweli, mimi nitakuwa wa kwanza kumbebea gunia mpaka Muhimbili, kwenye Taasisi ya Dawa Asili, ukapimwe.

Nilimuuliza mpwa wangu jambo jingine lililokuwa linanikera: wavutaji ni waongo, watafiti wanaamini vipi mdomo wao? Akasema hawauamini. Mtu anapuliza pumzi kwenye kifaa kidogo kinachopima kaboni monoksaidi, gesi iliyomo kwenye moshi. Ikizidi sehemu 10 kwa milioni, anahesabiwa kuwa amevuta, hata akiapa kwa mama yake. Gesi hiyo huondoka mwilini ndani ya saa chache, kwa hiyo mjanja akijizuia tangu jana anaweza kupenya, na kwa huyo wanapima kotinini kwenye mate au mkojo. Kotinini ndicho kinachobaki mwili ukishaivunja nikotini, na huonekana kwa siku kadhaa.

Hapo ndipo nilipoona kazi ya watafiti wetu wenyewe inapotakiwa, maana huku kwetu kuna mambo ambayo kipimo cha Marekani hakikuyafikiria sana. Mama anayepikia mkaa kwenye jiko la ndani atapuliza kifaa kile na kitaonyesha gesi, naye hajawahi kushika sigara. Bibi wa Tandahimba anayenusa ugoro tangu ujana atapuliza na kitaonyesha safi kabisa, kwa kuwa ugoro hauna moshi, ilhali nikotini imemjaa. Dawa ikijaribiwa kwetu bila kuyajua haya, hesabu itapotoka tangu siku ya kwanza.

Jambo moja la watafiti hao limenifurahisha kuliko yote, nalo ni hesabu ya waliopotea. Mtu akiacha kuja kliniki, simu haipokei, amehama, wao hawamfuti. Wanamwandika kwamba anavuta. Wakati wetu, mti ukifa katikati ya jaribio nao ulibaki kwenye daftari, na vijana wapya walipenda kuuruka ili wastani upendeze. Muuzaji wa gulio ameruka miti mingi sana. Mdogo wangu ni mmojawapo.

Wala wenye kampuni si malaika. Majaribio mengi ya vareniklini yaligharamiwa na kampuni iliyoitengeneza, na mwenye mbegu kuipima mwenyewe shambani kwake ni jambo la kuangaliwa kwa macho mawili. Dawa ilipoanza kuuzwa mwaka 2006 zikaja taarifa za watu kuvurugikiwa akili na hata kutaka kujiua. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaamuru onyo kali liwekwe kwenye maelezo ya dawa, na ikataka uchunguzi mpya. Jaribio hilo lilichukua watu 8,144 katika nchi 16, Afrika Kusini ikiwemo, na nusu yao hivi walikuwa na historia ya maradhi ya akili. Matokeo yalitoka 2016: hatari hiyo haikuonekana kuongezeka kwa kiasi cha kutisha ikilinganishwa na kidonge kitupu, na mwishoni mwa mwaka ule onyo likaondolewa. Halafu mwaka 2021 kampuni ikalazimika kuirudisha kutoka sokoni kwa kukutwa na uchafu wa kemikali uliozidi kiwango. Haya yote tunayajua kwa sababu kuna watu waliendelea kuangalia baada ya dawa kuuzwa. Chupa nyeusi aliyokunywa mdogo wangu nani anaiangalia? Alitapika usiku kucha, na hakuna daftari popote lilipoandikwa.

Tanzania hatuko gizani. Jaribio la dawa kwa binadamu hapa nchini linahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na maadili yake yanapitiwa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala nalo lipo kwa sheria ya mwaka 2002. Lakini mganga kusajiliwa ni jambo moja na dawa yake kujaribiwa ni jambo jingine, na wauzaji wanajua sana kuyachanganya. Wanaonyesha cheti cha kwanza ukiuliza la pili.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi langu kwako ni dogo. Tangazo lolote la dawa ya kuacha sigara, au ya kisukari, au ya nguvu, likiletwa mezani kwako, muulize mwenye nalo: uliwapa wangapi, wangapi hukuwapa, uliwafuata kwa muda gani, na waliopotea uliwaandika wapi? Akijibu, chapa majibu yake pamoja na zile picha. Akishindwa, bado unaweza kuchapa picha, biashara ni biashara, lakini andika chini yake kwamba aliulizwa na hakujibu.

La pili ni kwa waganga wakuu wa mikoa yetu miwili, Mtwara na Lindi. Mdogo wangu alikwenda kituo kimoja cha afya kwa kikohozi, akaulizwa kama anavuta, akasema ndiyo, ikaandikwa, basi. Hakuna aliyemwambia neno. Mwongozo ule wa 2024 unataka kila mtumiaji tumbaku anayefika kituoni apewe ushauri mfupi, sekunde 30 hadi dakika tatu, na hilo halihitaji dawa wala bajeti. Kile kifaa cha kupuliza nacho, kikiwekwa kwenye kliniki za kifua kikuu ambako wavutaji wanafika kila mwezi, tutaanza kuwa na daftari letu. Mdogo wangu amesema yuko tayari kupuliza, ila anaomba isiwe siku za dagaa.

Mstaafu wa mashamba ya majaribio,
Naliendele, Mtwara